Enomoto: Samurai aliyemtumia adui kitabu

Ukizingirwa na adui, utaokoa nini kwanza? Enomoto Takeaki aliokoa kitabu.

Jamaa huyu alizaliwa 1836 jijini Edo, ambalo leo ni Tokyo, katika familia ya samurai waliomtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Mwaka wa 1862 alitumwa Uholanzi kusomea mambo ya meli na sheria za bahari. Alirejea 1867 na manowari mpya, Kaiyo Maru, akapewa cheo kikubwa katika jeshi la majini.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yameshaharibika. Mwaka uliofuata serikali ya shogun ilianguka, na utawala ukarudi kwa mfalme. Enomoto akaambiwa akabidhi meli zote. Wapi! Aling'oa nanga na meli nane, akaelekea kisiwa cha Ezo, ambacho siku hizi ni Hokkaido. Huko dhoruba ikazamisha Kaiyo Maru, tegemeo lake kubwa. Hata hivyo, wenzake walipiga kura wakamchagua awe kiongozi wao.

Mwaka wa 1869 jeshi la serikali lilimbana katika ngome ya Goryokaku, mjini Hakodate. Alipoona maji yamezidi unga, alimtumia kamanda wa adui, Kuroda Kiyotaka, kitabu cha sheria za bahari alichotoka nacho Uholanzi. Yeye angeweza kufa, lakini Japani ingekihitaji. Kuroda naye akamtumia mapipa ya pombe kumshukuru. Siku chache baadaye Enomoto akasalimu amri.

Wapo waliotaka auawe. Kuroda alinyoa kipara kabisa ili kumwombea msamaha. Enomoto akatoka gerezani 1872, kisha akaajiriwa na serikali ile ile aliyopigana nayo!

Mwaka wa 1875, akiwa balozi nchini Urusi, alitia saini mkataba ulioipa Urusi kisiwa cha Sakhalin na Japani visiwa vya Kuril. Baadaye alikuwa waziri wa jeshi la majini, mawasiliano, elimu, mambo ya nje, kisha kilimo na biashara.

Si wote waliofurahia. Mwandishi Fukuzawa Yukichi, ambaye alisaidia kumtoa jela, alimkosoa kwa kula vyeo huku wenzake waliomfuata wakiwa kaburini.

Enomoto alifariki 1908. Je, alisaliti wenzake au alitumikia nchi yake? Amua mwenyewe.