Lady Mary Montagu: Safari ya theluji iliyomfikisha kwenye kinga ya ndui

VIJANA wengi wakichanjwa hospitalini hawana habari kwamba kuna mama mmoja Mwingereza aliyetukanwa sana kwa kuitetea kinga kama hiyo, miaka 300 iliyopita.

Mama huyo ni Lady Mary Wortley Montagu. Alizaliwa 1689 katika familia ya kitajiri, na Kilatini alijifundisha mwenyewe kwenye maktaba ya babake. Mzee huyo alipomtafutia mchumba asiyempenda, Mary alitoroka 1712 akaolewa na Edward Wortley Montagu.

Halafu ndui ikabisha hodi. Mwaka wa 1713 ilimuua kakake wa pekee. Desemba 1715 ikamshika Mary mwenyewe. Alipona, lakini uso uliokuwa ukisifiwa kote London ulibaki na makovu, na kope zote zikang'oka.

Mwaka uliofuata mumewe aliteuliwa balozi katika himaya ya Uturuki. Mary angeweza kubaki nyumbani, lakini wapi! Alifunga virago akaandamana naye pamoja na mtoto wao wa kiume.

Walipokuwa Vienna, majira ya baridi yalianza. Marafiki aliowatembelea huko walimtisha kwamba angegandia njiani huko Hungary au afukiwe na theluji. Walimsihi asubiri barafu ya mto Danube iyeyuke. Hakusubiri. Januari 1717 magari yao ya farasi yalifungwa juu ya mbao za kuteleza kwenye theluji, safari ikaanza.

Si baridi iliyomtikisa Mary. Karibu na Petrovaradin walipita uwanja ambako Waustria na Waturuki walikuwa wamepigana miezi michache awali, na maiti za watu, farasi na ngamia zilikuwa bado zimetapakaa. Mary aliandika kwamba vita ni wazimu mtupu.

Belgrade walikaa wiki kadhaa nyumbani kwa msomi mmoja, Ahmed Bey, aliyemweleza kuhusu mashairi ya Kiarabu. Kufika Edirne, Mary alialikwa kwa mke wa waziri mkuu, kisha kwa Fatima, mke wa msaidizi wa waziri huyo, aliyemvutia kwa urembo na ukarimu. Kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa kuingia kwa akina mama, Mary aliona mambo ambayo wasafiri wengi kabla yake walikuwa wakiyabuni tu.

Ni huko Edirne alikojua siri kubwa. Vikongwe walikuwa wakichukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wanamchanja mtoto kwa sindano na kuupaka pale. Mtoto anaugua siku chache tu, kisha haipati tena ndui. Machi 1718, mumewe akiwa mbali kikazi, Mary alimwita bibi mmoja Mgiriki amchanje mwanawe, aliyekuwa hajatimiza miaka mitano. Daktari wa ubalozi, Charles Maitland, alisaidia. Kijana akapona vizuri.

Ndui ilipozuka London 1721, Mary alimtaka Maitland amchanje bintiye mbele ya madaktari wa ikulu. Zogo likazuka! Madaktari kadhaa walidharau ujuzi wa vikongwe wa Uturuki, na wahubiri wakadai ni kuingilia kazi ya Mungu. Njia yenyewe ilikuwa na hatari kwani wachache walifariki, ila ndui iliua wengi zaidi. Mwaka wa 1722 mabinti wawili wa mwana mfalme walichanjwa.

Mary alifariki 1762, na barua zake za safari zikachapishwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1796 Edward Jenner alipata chanjo salama zaidi kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana kwa majirani zetu Somalia, mjini Merca, 1977. Miaka mitatu baadaye, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo umetokomezwa.