Gordon Smith (mwanasoka, 1924)

Gordon Smith (Edinburgh, 25 Mei 1924 – 7 Agosti 2004) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Uskoti, winga wa kulia.

Alijiunga na Hibernian mwaka 1941, na katika mechi yake ya kwanza aliwafunga mahasimu wao wa jijini, Hearts, mabao 3. Akiwa na Hibernian alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1948, 1951 na 1952.

Mwaka 1959 klabu ilimwacha, ikiamini kifundo chake cha mguu hakitapona. Alijilipia upasuaji, akahamia kwa Hearts walewale na kuwa bingwa mwaka 1960. Mwaka 1962, akiwa na miaka 37, alitwaa ubingwa tena na Dundee. Hakuwahi kuzihitaji Rangers wala Celtic, klabu kubwa za Glasgow. Alicheza pia Kombe la Klabu Bingwa Ulaya na Hibernian, Hearts na Dundee.