Son House, mzee aliyefundishwa nyimbo zake mwenyewe

Mwaka 1964 vijana watatu wapenzi wa muziki wa blues walimpata Son House mjini Rochester, jimbo la New York, Marekani. Gwiji huyo wa gitaa hakuwa hata na gitaa nyumbani.

Alizaliwa Edward James House mwaka 1902 karibu na Clarksdale, Mississippi, kwenye ardhi tambarare ya mashamba ya pamba iitwayo Delta. Ujanani alihubiri makanisani akiuona muziki wa blues kuwa dhambi. Alipokaribia umri wa miaka 25 ndipo aliposhika gitaa, na tangu hapo mimbari na vilabu vya pombe vikawa vinamgombania. Huenda mvutano huo ndio ulioipa sauti yake uzito. Alimuua mtu kwa risasi, akafungwa katika gereza la Parchman. Baada ya kuachiwa, alirekodi nyimbo mjini Grafton, Wisconsin, mwaka 1930. Santuri hizo hazikupata wanunuzi wengi, lakini Robert Johnson na Muddy Waters walijifunza kwa kumtazama akipiga.

Mwaka 1943 alihamia Rochester, akaajiriwa kwenye reli, na hatimaye akauacha muziki kabisa. Alipopatikana, vidole vilikuwa vimesahau. Ikabidi Alan Wilson, kijana mzungu aliyezikariri santuri zile za zamani, amkumbushe mzee namna alivyokuwa akizipiga. Mwaka uliofuata alirekodi albamu na kampuni ya Columbia, akatumbuiza katika ukumbi wa Carnegie Hall.

Alifariki mjini Detroit mwezi Oktoba 1988.