Sayyid Barghash na Waya wa Mwaka 1879: Somo la Mawasiliano na Mamlaka ya Nchi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mkazi wa Mbagala wilayani Temeke au Kunduchi wilayani Kinondoni anapozungumza kwa simu ya video na nduguye aliyeko Muscat, sauti na picha yake hupita katika nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Njia hiyo ni kongwe kuliko simu ya mkononi, na historia yake haikamiliki bila kumtaja Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid. Akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, mji uliokuwa tayari na reli na simu za maandishi. Alipotawala, mwanzo ulikuwa mgumu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu na merikebu zake, na mwaka 1873, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Hata hivyo alileta maji ya bomba mjini Unguja, na mwaka 1883 akajenga Jumba la Maajabu.

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya wa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Sultani aliipatia kisiwa cha Bawe kiwe kituo chake. Alexander Graham Bell alikwisha kupata hataza ya simu ya sauti mwaka 1876, lakini waya mrefu wa baharini haukuweza kubeba sauti. Ulipitisha alama, zilizogeuzwa kuwa maneno. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi, kwanza lilimaanisha waya.

Waya huo ulijaribiwa mwaka 1885. Ujerumani ilipotangaza himaya yake katika Usagara, Nguru na Ukami, Barghash alimpelekea Mfalme Mkuu wa Ujerumani malalamiko yake kwa simu. Ujumbe ulifika haraka, lakini haukuzuia jambo. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, akalazimika kukubali.

Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia bara ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Ukanda huo ndio uliobeba maeneo ambayo leo ni Kinondoni na Temeke. Barghash alifariki Machi 1888, na mwezi uliofuata mrithi wake, Sayyid Khalifa, akakodisha sehemu yake kwa kampuni ya Kijerumani. Waya wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 1890, bandari ikiwa mikononi mwa wageni.

Maisha yake yanaonesha kuwa kupata chombo cha mawasiliano ni jambo moja, na kuwa na sauti juu yake ni jambo jingine. Waya wa mwaka 1879 ulikuwa wa kampuni ya kigeni, na maamuzi yalifanywa London na Berlin. Leo mikongo ya SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010 inatia nanga katika nchi huru, yenye Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na Shirika la Mawasiliano la umma. Kulinda miundombinu hiyo ni kulinda sauti ya Taifa.