Oliver Evans: Fundi wa Gari la Nchi Kavu na Majini

Kila mvua ya masika inaponyesha, kijito kilicho kati ya kwetu na shule hufurika, nasi wanafunzi wa kutwa huvua viatu, tukavitia mkobani pamoja na vitabu, tukavuka tukiwa tumeshikana mikono. Mwaka jana matatu moja ilijaribu kuvuka ikazimika katikati ya maji, abiria wakatolewa kwa kubebwa mgongoni. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujiuliza, kwani hakuna gari linaloweza kwenda barabarani na vilevile kuogelea? Mwalimu wetu wa Fizikia alicheka, akaniambia magari kama hayo yapo, tena ni ya zamani kuliko ninavyodhani. Nikaanza kutafuta. Nilirudi nyuma hadi mwaka wa 1805, nikamkuta mzee mmoja wa Marekani aitwaye Oliver Evans. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Evans alizaliwa tarehe 13 Septemba 1755 mahali paitwapo Newport, Delaware. Wakati huo Marekani haikuwa nchi bado, ilikuwa makoloni ya Mwingereza kama sisi tulivyokuja kuwa baadaye. Baba yake alikuwa mshona viatu aliyegeuka mkulima, na nyumbani watoto walikuwa wengi. Shule hakuiona sana. Alipofika umri wa miaka kumi na sita, yaani umri wangu mimi hasa, alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa magurudumu na mikokoteni. Husimuliwa kwamba huyo tajiri wake hakujua kusoma, na hakuona sababu ya mishumaa kuteketea kwa ajili ya vitabu, basi akamkataza kuitumia. Kijana akawa anaokota maranda ya mbao karakanani, anayawasha usiku, anasoma kwa mwanga wake. (Sisi stima ikipotea tunashangilia kwamba hakuna maandalio!)

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipopata wazo ambalo halikumtoka maisha yake yote. Wavulana wa mhunzi mmoja walikuwa wakicheza siku ya Krismasi. Walichukua mtutu wa bunduki, wakatia maji kidogo, wakauziba kwa nguvu, kisha wakaweka kitako chake ndani ya moto. Baada ya muda mtutu ukalipuka kwa kishindo kama wenye baruti. Wengine waliona mchezo tu. Evans aliposikia habari hiyo aliona nguvu. Aliwaza kwamba kama maji yakichemshwa yanaweza kurusha kizibo namna ile, basi yanaweza pia kusukuma gari bila farasi.

Hapa lazima nieleze kidogo, maanake ndipo penye kiini cha habari yote. Injini za mvuke zilikuwepo tayari kule Uingereza, lakini zilifanya kazi kwa njia nyingine. Mvuke uliingizwa ndani ya silinda, ukapozwa ukawa maji, na hapo pakabaki utupu, kisha hewa ya kawaida ndiyo iliyosukuma pistoni. James Watt aliziboresha sana, lakini bado mvuke wake ulikuwa dhaifu, na injini zilikuwa kubwa kama nyumba. Evans alipopata kitabu kilichoeleza injini hizo alistaajabu, akaona kwamba hao mafundi wameiacha nguvu yenyewe. Yeye alitaka mvuke mkali wa kusukuma pistoni moja kwa moja. Injini ya namna hiyo huwa ndogo, na ikiwa ndogo inaweza kupandishwa juu ya gari.

Lakini wazo si pesa. Kwanza ilimbidi ale. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alibuni mashine ya kutengeneza meno ya waya ya kuchania pamba na sufu. Mwaka wa 1783 alimwoa Sarah Tomlinson, na baadaye yeye na ndugu zake wakaanzisha kinu cha kusaga ngano kando ya Red Clay Creek, kule kwao Delaware.

Wengi wetu tunajua kazi ya kinu. Mama hunituma kisiagi na debe la mahindi kila wiki, na najua vile unga hutoka ukiwa na joto. Kinu cha enzi za Evans kilizungushwa kwa maji, lakini kazi nyingine zote zilifanywa kwa migongo ya watu. Walibeba magunia ya ngano ngazi baada ya ngazi hadi orofa ya juu. Unga ukitoka kwenye mawe ukiwa moto na umelowa, ulibebwa tena juu, ukatandazwa sakafuni upoe. Kijana mmoja alikaa huko na reki, akiupindua na kuusukuma kwenye shimo la kuelekea kwenye chekeche, huku akiukanyaga kwa miguu yake. Unga huo ndio uliokuwa ukiuzwa!

Evans aliondoa kubeba kote huko. Alitundika ndoo ndogo ndogo kwenye mkanda mrefu unaozunguka, zikachota nafaka chini na kuimwaga juu. Alitengeneza parafujo ndefu ndani ya mfereji wa mbao ili kusukuma unga kwenda upande. Na kule juu akaweka reki kubwa inayozunguka polepole yenyewe, ikitandaza unga na kuukusanya. Reki hiyo iliitwa kwa jina la yule kijana aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Kijana akafutwa kazi, jina lake likabaki kwa mashine. Mimi jambo hilo lilinichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Inasemekana wenye vinu wa Brandywine, waliokuwa mashuhuri sana, walikuja kukitazama kinu hicho na hawakumkuta mtu ndani. Ngano ilikuwa inaingia na unga unatoka, na Evans mwenyewe yuko shambani anageuza nyasi zikauke. Ungedhani wangeondoka hapo mbio kwenda kutengeneza vyao. Wapi! Walikwenda zao wakisema ni upuuzi mtupu. Nabii hakubaliki kwao. Waliomkubali kwanza walikuwa ndugu wa ukoo wa Ellicott kule Maryland, na polepole wengine wakafuata. Tarehe 18 Desemba 1790 serikali mpya ya Marekani ilimpa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, nayo ilikuwa ya tatu tu tangu nchi hiyo ianze kutoa hati hizo. Mwaka uliofuata rais George Washington mwenyewe alitia mitambo ya Evans kwenye kinu chake cha Mount Vernon. Na mwaka wa 1795 Evans akatoa kitabu cha kuwafundisha mafundi wa vinu, ambacho kilichapishwa tena na tena hata baada ya yeye kufa.

Na lile gari? Hakulisahau. Alipoomba ulinzi wa serikali za majimbo, Pennsylvania ilimkubalia habari za kinu na ikanyamaza kabisa kuhusu gari la mvuke. Maryland, mwaka wa 1787, ilimpa yote mawili, kwa kuwa waheshimiwa hao waliona gari hilo haliwezi kumdhuru mtu yeyote. Sijui kama hiyo ni sifa au ni matusi. Baadaye alihamia Philadelphia, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 akatumia akiba yake karibu yote kuunda injini ndogo ya mvuke mkali. Ilisaga jasi na kukata marumaru mbele ya macho ya watu. Mwaka wa 1804 aliiendea kampuni iliyomiliki barabara ya Lancaster, akawapigia hesabu ya vile gari la mvuke lingeweza kubeba mapipa mia moja ya unga kwa gharama ndogo kuliko farasi. Walimkatalia.

Sasa tufike Philadelphia yenyewe. Mwaka wa 1793 mji huo ulikuwa umepigwa na homa ya manjano iliyoua watu wapatao 5,000, yaani kama mtu mmoja kati ya kila kumi. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo huletwa na mbu, lakini hilo halikuthibitishwa hadi mwaka wa 1900. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba uvundo wa matope na uchafu kwenye gati ndio unaoleta mauti. Kwa hiyo Bodi ya Afya ya mji ilitaka matope hayo yazolewe, na Evans akapewa kazi ya kuunda mashine ya kuyazoa.

Aliunda tishari, yaani mashua pana yenye kitako bapa, urefu wake futi 30 na upana futi 12. Ndani akaweka injini yake, pamoja na mnyororo wa ndoo wa kuchota matope. Ukiangalia vizuri, ndoo hizo ni ndugu wa zile za kinuni, ila hizi zilipandisha uchafu badala ya ngano. Karakana yake ilikuwa maili moja na nusu hivi kutoka mtoni, na chombo kilikuwa na uzito wa tani 17 kama lori lililojaa. Kingefikaje majini? Evans aliona hapo nafasi aliyoingoja zaidi ya miaka thelathini. Alikitilia magurudumu manne, akaunganisha injini na magurudumu hayo kwa mikanda. Nyuma akaweka gurudumu la makasia, nalo pia la kuzungushwa na injini ile ile. Kwa hiyo injini moja ilikuwa na kazi tatu: kuzungusha ndoo, kuzungusha magurudumu ya nchi kavu na kuzungusha makasia ya majini. Gia kama tunazozijua kwenye gari la leo hazikuwemo. Jina alilokipa ni la Kigiriki, Oruktor Amphibolos, maana yake ni mchimbaji wa nchi kavu na majini.

Mwezi wa Julai 1805 Evans alitangaza magazetini kwamba chombo kitaonyeshwa kikizunguka uwanja wa katikati ya mji, na mwenye kutaka kukitazama alipe senti 25. Kisha, kwa maelezo yake, kikateremka hadi mto Schuylkill, magurudumu yakaondolewa kazini, makasia yakaanza kuzunguka, kikashuka na mto mpaka Delaware na kupanda tena hadi mjini.

Nimesema kwa maelezo yake kwa sababu hapa wataalamu hawaelewani. Habari nyingi za safari hiyo zilitoka kwa Evans mwenyewe, mengine aliyaandika miaka kadhaa baadaye, na alikuwa mtu wa kupenda kujisifu. Injini yenyewe ilikuwa na nguvu za farasi watano hivi, chini ya pikipiki ya bodaboda. Je, inaweza kusukuma tani 17 juu ya barabara ya mawe? Nilimpelekea mwalimu wa Fizikia hesabu hiyo. Alisema inawezekana ikiwa mwendo ni wa polepole sana na mahali ni tambarare, lakini mlima mdogo tu ungeishinda. Mimi naamini kilitembea kidogo. Mtu hawezi kuita mji mzima na kuwatoza senti 25 kwa chombo kisichosogea, wangempiga.

Kama mashine ya kuzoa matope, chombo hicho hakikufaulu. Kilikaa gatini bila kazi ya maana, na mwaka wa 1808 Bodi ya Afya ikakiuza vipande vipande. Magari ya kweli ya aina hiyo yalikuja kuenea karne nzima na zaidi baadaye. Katika Vita Vikuu vya Pili, kuanzia 1942, kampuni ya General Motors iliunda malori ya DUKW yapatayo 21,000, yenye magurudumu sita na rafadha nyuma. Tatizo la mafundi wao lilikuwa lile lile la Evans, yaani kugawa nguvu ya injini moja kati ya barabara na maji, ila wao walikuwa na sanduku la gia na mihimili ya chuma mahali pa mikanda.

Miaka ya mwisho ya Evans ilikuwa ya biashara na kesi. Alifungua kiwanda cha injini kilichoitwa Mars Works, na wakati wa kufa kwake injini zake zaidi ya mia moja zilikuwa zikifanya kazi. Lakini wenye vinu walikuwa wanatumia mitambo yake bila kulipa. Hataza yake ilipokwisha muda, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuirefusha mwaka wa 1808, na Evans akaanza kudai pesa kwa ukali. Thomas Jefferson alilipa, ila baadaye aliandika kwamba ndoo na parafujo hizo zilijulikana tangu kale. Hapo Jefferson hakukosea, maana kila kipande kilikuwepo. Lakini kuviunganisha vyote hadi mtu aweze kuacha kinu na kwenda shambani, nani alikuwa amefanya hivyo? Mwaka wa 1809, baada ya kukata tamaa na mahakama, Evans alikusanya michoro na karatasi zake nyingi akazichoma moto mbele ya jamaa yake.

Sarah alifariki mwaka wa 1816, naye Evans akaoa tena miaka miwili baadaye. Mapema mwaka wa 1819 alikuwa New York akiugua mapafu. Tarehe 11 Aprili alipata habari kwamba Mars Works imeteketea, na kwamba moto huo uliwashwa na mwanafunzi wa kazi aliyekuwa na kinyongo. Mzee akapooza, na tarehe 15 Aprili akafa. Alizikwa katika kanisa moja mjini New York. Kanisa lilipouzwa mifupa ikahamishwa, ikahamishwa tena, na sasa imo katika kaburi la watu wengi lisilo na jina.