MALPIGHI: MZEE ALIYEONA RANGI YA NGOZI INAKAA WAPI

Wadau, kama ulisoma baiolojia sekondari basi jina la Malpighi ulilikariri. Panzi ana mirija ya Malpighi, figo lina vifundo vya Malpighi, ngozi ina tabaka la Malpighi. Wengi hudhani ni neno la Kilatini tu la kutesa wanafunzi. Hapana bwana, huyo alikuwa mtu, tena mtu aliyepata misukosuko si mchezo.

Marcello Malpighi alizaliwa Machi 1628 huko Crevalcore, mji mdogo karibu na Bologna, Italia. Mwaka huohuo Mwingereza William Harvey alitoa kitabu akieleza kwamba damu inazunguka mwilini. Lakini Harvey alikufa mwaka 1657 bila kuona damu inapita wapi kutoka mishipa inayoitoa moyoni kwenda kwenye ile inayoirudisha.

Malpighi alipokuwa bado chuoni, mwaka 1649, wazazi wake walifariki. Yeye kama kifungua mimba ikabidi asimamishe masomo aangalie familia. Akarudi, akakaza, na mwaka 1653 akawa daktari. Mwaka 1661 alichungulia mapafu ya chura kwa hadubini, akaona vishipa vidogo mno vikiunganisha mishipa mikubwa. Swali la Harvey likapata jibu.

Mwaka 1662 akahamia Messina, kisiwani Sicilia, kufundisha. Huko alichukua ulimi wa ng'ombe, akauchemsha, akaanza kuubandua tabaka kwa tabaka. Chini ya ngozi ya juu akakuta utando laini kama wavu. Akageukia ngozi ya mwili, akakuta utando wa aina hiyohiyo. Mwaka 1665 akachapisha aliyoyaona.

Sasa hapa ndipo patamu. Enzi hizo maneno yalikuwa mengi kuhusu watu weusi: eti wameunguzwa na jua, eti damu yao ni nyeusi, eti ni laana. Malpighi akaonyesha kwamba kwa mtu mweusi ngozi ya juu kabisa ni nyeupe, na ile nene ya chini nayo ni nyeupe. Weusi wote umo kwenye ule utando mwembamba wa katikati. Yaani tofauti ambayo watu waliuzwa utumwani kwa ajili yake ni nyembamba kuliko karatasi.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba utando ule ni kiwanda. Leo tunajua chini yake kabisa zipo seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine. Zikigawanyika, baadhi hubaki palepale kuendeleza ukoo, nyingine husukumwa juu, zinakauka, zinakufa na kupukutika. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja hivi. Ule uchafu unaotoka ukijisugua bafuni, sehemu kubwa ni seli hizo zilizokwisha kazi.

Na seli hizo hazilingani. Mwaka 1987 Yann Barrandon na Howard Green walionyesha kwamba zikioteshwa maabara, chache huzaa kwa muda mrefu sana, nyingine huzaa kiasi, nyingine huchoka mapema. Zipo pia zinazokaa ndani ya mashimo ya nywele. Ndiyo maana mtu akiungua juujuu, ngozi mpya huanza kuota kutoka kwenye vishimo hivyo.

Mwaka 2015 huko Bochum, Ujerumani, alilazwa mtoto wa miaka 7 ambaye ngozi yake ilikuwa inabanduka kwa ugonjwa wa kurithi. Wataalamu wa Modena, mji jirani na kwao Malpighi, walichukua kipande kidogo cha ngozi yake, wakarekebisha kasoro ya urithi, wakaotesha ngozi mpya. Akapandikizwa karibu asilimia 80 ya mwili, akapona. Ripoti iliyotoka 2017 ilionyesha kwamba ngozi ile yote inategemea zile seli mama chache zinazodumu.

Tumrudie mzee wetu. Mwaka 1669 Royal Society ya London ilimpa uanachama. Lakini nyumbani Bologna walimu wenzake walimpiga vita, wakidai kuchungulia vitu vidogo hakumponyi mgonjwa yeyote. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, vifaa na maandishi vikateketea. Mwaka 1689 watu waliofunika nyuso, wakiwemo walimu wenzake, wakamvamia kwake shamba. Jamani, wivu wa kazi haukuanza leo! Mwaka 1691 akaenda Roma kuwa daktari wa Papa Innocent XII. Alifariki kwa kiharusi Novemba 1694, akiwa na miaka 66.

Kwa nini nimewaletea habari za mtu wa karne ya 17? Kwa sababu ya mkorogo. Watu wote, weusi kwa weupe, wana takriban idadi ileile ya seli zinazotengeneza rangi. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi inayotengenezwa. Rangi hiyo hukaa kama kofia juu ya kiini cha seli na kukikinga na jua. Anayejichubua anavua kofia hiyo, na akiacha kupaka, kiwanda huanza tena kutoa rangi. Ndiyo maana mwenye mkorogo haachi kununua. Tena krimu zenye zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, hasa vile vichujio vyake ambavyo Malpighi huyuhuyu alivieleza mwaka 1666.

Wale waliosema kuchungulia vitu vidogo hakumponyi mtu, wangemwona yule mtoto wa Bochum wangesemaje? Haya wadau, uwanja ni wenu. Hasa dada zangu na kaka zangu wa mkorogo, maana siku hizi hata wanaume wamo.