Daktari Krapf na Kimbilio Lake

Mtu ashukaye katika kituo cha Mombo, mahali ambapo reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1905, huinua macho akaiona milima ya Usambara imesimama mbele yake kama ukuta. Huko juu ndiko Vuga, mji wa Mfalme Kimweri, na huko alifika mwaka 1848 mgeni mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf. Tumeona vema kuwakumbusha waalimu na Wakristo wote maisha yake katika kitabu hiki cha jubilii, kwa maana wengi hulijua jina lake, bali taabu zake hawazijui.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Ujerumani, naye ni mwana wa mkulima. Mwaka 1837 alitumwa na chama cha C.M.S. kwenda Uhabeshi, lakini huko alifungiwa mlango. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyikani, safarini, akafa upesi, nao wakampa jina la Eneba, maana yake chozi.

Mwaka 1844 walifika Unguja, na Seyyid Said akampa barua ya kumwombea wema kwa watu wa pwani. Basi wakakaa Mombasa. Mwezi wa Juni alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai bibi yake akajifungua mtoto wa kike, kisha homa ikawakamata wote wawili, mume na mke. Bibi akafa, na mumewe amelala mgonjwa karibu naye. Baada ya siku chache na mtoto akafa. Yule bibi alikuwa ameomba azikwe barani, si kisiwani, ili watu wapitao njiani walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini alikuja.

Wako wadhanio kwamba kumkimbilia Mungu ni kuepushwa na kila baya. Huyu hakuepushwa. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya ya kwamba kaburi lile ni alama ya kazi iliyokwisha kuanza, akarudi kwenye fasiri yake. Mwaka 1846 alikuja mwenziwe Rebmann, nao wakahamia Rabai, wote wawili wagonjwa, wakipokezana punda mmoja kwa sababu ya udhaifu.

Lakini jaribu lililo kubwa lilimpata mwaka 1851. Alifuatana na Kivoi, mkubwa wa Wakamba, kwenda mto Tana. Wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Kiu ilipomzidi alishuka mtoni, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mfuko wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Mchana alijificha, usiku alitembea, akiujua upande wa kwenda kwa jinsi upepo uvumavyo. Maji yakaisha. Akatafuna majani na mizizi. Mwisho, katika mchanga wa mto mkavu, akaona shimo lililochimbwa na nyani, na ndani yake maji. Akamshukuru Mungu, akanywa. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimtia hatiani kwa kifo cha ndugu yao, ikambidi kutoroka tena usiku. Hata hivyo alifika Rabai hai, na mwaka uliofuata, 1852, akapanda Vuga mara ya pili, naye Kimweri akampokea kwa wema kama kwanza.

Hatusemi kwamba hakukosea. Aliwaza makubwa kuliko nguvu za watu waliokuwapo. Mlolongo wa misheni aliotaka kuupanga toka bahari hii hata bahari ya magharibi hakuuona, na waliobatizwa siku zake walikuwa wachache mno. Mwaka 1853 ugonjwa ulimrudisha Ulaya, akakaa Kornthal akiandika kamusi yake ya Kiswahili, iliyopigwa chapa mwaka 1882, mwandishi hayupo tena. Tarehe 26 Novemba 1881 watu wa nyumbani walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa katika kuomba.

Siku hizo watu wa U.M.C.A. walikuwa wamekwisha kujenga Magila, na mwaka 1891 wamisionari kutoka Ujerumani wakapanda Mlalo, katika milima ile ile aliyoipanda yeye.